Padi zinazosoma mwendo: kwa nini zilimpaisha Nintendo na kumuumiza Microsoft

Tangu Nintendo ilipoingiza sokoni mashine yake ya gemu, Switch 2, tarehe 5 Juni 2025, ubishi wa zamani umefufuka kila wanapokutana wapenzi wa gemu. Padi zake, Joy-Con, ukizilaza ubavu juu ya meza zinafanya kazi kama mausi ya kompyuta, na bado zinahisi mkono ukizungushwa au ukitikiswa. Wapo wanaosema mambo ya kucheza kwa kurusha mikono yalikufa na Wii, mashine ya Nintendo ya mwaka 2006, kwamba ilikuwa fasheni ya miaka michache tu. Wengine wanasema kampuni itakayopata kihisio (kifaa kidogo cha kuhisi mwendo) kikali kuliko wenzake ndiyo itakayotawala soko. Historia ya miaka 20 iliyopita inazikataa hoja zote mbili. Mashine iliyouzwa kuliko wapinzani wake wa kizazi chake ilikuwa na kihisio dhaifu, na kampuni iliyokuwa na kihisio kikali kuliko zote ilishindwa vibaya kwa sababu yake.

Ninavyoona mimi, jibu limo ndani ya boksi la mashine: kumewekwa nini humo, na mnunuzi amelipishwa kiasi gani kwa ajili yake. Ila hatuwezi kufika hapo kabla ya kuelewana maneno.

Mashine ya gemu, wengine huiita konsoli, ni kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi moja kubwa: kuchezea gemu kwenye televisheni. Watengenezaji wakubwa ni watatu: Nintendo ya Kyoto, Sony yenye PlayStation, na Microsoft yenye Xbox. Padi ni kile unachoshika, chenye vitufe na vijiti viwili vya kusukuma kwa kidole gumba. Padi ya kawaida inajua kitufe gani kimebonyezwa na kijiti kimeelekea wapi, basi. Padi inayosoma mwendo inajua pia mkono ulioishika umefanya nini hewani. Kazi hiyo inafanywa na vihisio vya namna tatu, na ukivielewa hivyo umeelewa nusu ya ugomvi wote.

Mfikirie abiria aliyefumba macho ndani ya daladala ya Mwenge kwenda Tegeta, Dar es Salaam. Dereva akikanyaga breki, mwili unakwenda mbele. Akiondoa gari kwa kishindo, mgongo unarudi kwenye kiti. Gari ikipanda kilima, uzito wake unalalia nyuma. Hivyo ndivyo inavyohisi akselerometa: inapima msukumo pamoja na mvutano wa dunia. Ila ina kasoro moja kubwa. Gari inayopanda kilima na gari inayoongeza kasi barabara tambarare zote zinamlaza abiria nyuma, na akiwa amefumba macho hawezi kuapa ni ipi kati ya hizo mbili. Sasa mpe uwezo wa pili, wa kuhisi gari inapokata kona, imegeuka kiasi gani na kwa haraka gani. Hiyo ni jairoskopu. Akiwa na uwezo wote wawili anaweza kuhesabu mikato na kubahatisha alipo, lakini kila kisio lina kosa dogo, na makosa madogo yanarundikana. Baada ya muda atasema tuko Lugalo kumbe Tangi Bovu imeshapitwa. Dawa yake ni afumbue macho achungulie dirishani. Huko kufumbua macho ndiko kazi ya kihisio cha tatu, kamera.

Kila kampuni ilichanganya vitu hivyo vitatu kwa namna yake.

Nintendo hawakuwa wa kwanza

Hili linarudiwa sana na si kweli. Mwaka 1989 kampuni ya Mattel iliuza Marekani glavu iliyoitwa Power Glove, ya kuchezea mashine ya Nintendo ya enzi hizo. Mwaka 1993 Sega walitoa Activator, pete kubwa ya kuweka sakafuni ambayo mchezaji alisimama katikati yake na kurusha mateke. Microsoft wenyewe, kabla hawajawa na Xbox, walitoa mwaka 1998 padi ya kompyuta iliyosoma mwinamo wa mikono. Sony mwaka 2003 walitoa EyeToy, kamera ya PlayStation 2 iliyomweka mchezaji mwenyewe ndani ya picha na kumruhusu kupangusa na kupiga vitu kwa mikono mitupu.

Vyote hivyo viliuzwa kando, nje ya boksi la mashine. Na hadi katikati ya miaka ya 1990 vihisio vilivyokuwapo vilikuwa ama ghali ama vya kubahatisha.

Kilichobadilisha mambo kilitoka kwenye viwanda vya magari. Mfuko wa hewa unaofunguka gari linapogonga unahitaji kitu cha kujua, ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, kwamba gari limesimama ghafla kupita kawaida. Kampuni ya Analog Devices ya Marekani ikatengeneza akselerometa ndogo ya silikoni kwa kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa kuwa magari yananunuliwa kwa mamilioni, bei ya vihisio hivyo ikashuka mwaka hadi mwaka. Akselerometa iliyokuja kuwekwa ndani ya padi ya Wii ilitengenezwa na kampuni hiyohiyo. Nintendo hawakubuni kihisio. Walifika sokoni wakati kimekuwa cha bei ya kutupwa, na wakawa na sababu nzito ya kukitumia.

Sababu yenyewe ilikuwa kushindwa

Mashine yao iliyotangulia, GameCube, iliuza milioni 21.74 duniani kote. PlayStation 2 ya Sony katika kizazi hichohicho ilipita milioni 150. Satoru Iwata, aliyeshika urais wa Nintendo mwaka 2002, alikuwa na kampuni isiyoweza kushindana na Sony na Microsoft kwa kumwaga fedha. Hao wawili walikuwa wakielekea kwenye mashine zenye nguvu kubwa zaidi, picha kali zaidi, na bei inayopanda. Nintendo wakajiuliza ni nani hachezi gemu kabisa, na ni nini kinachomzuia.

Mtu asiyecheza anapokabidhiwa padi yenye vijiti viwili na vitufe zaidi ya 10, anaogopa. Ukimpa kitu chenye umbo la rimoti ya televisheni, ukamwambia apige tenisi kama anavyoona tenisi ikipigwa, haogopi. Ndiyo sababu padi ya Wii ilipoonyeshwa Tokyo mwezi Septemba 2005 ilikuwa na umbo la rimoti.

Wii ilianza kuuzwa Marekani tarehe 19 Novemba 2006 kwa dola 250 kasoro senti. Siku mbili kabla yake, PlayStation 3 ilikuwa imetoka hapohapo kwa dola 499 na 599, kutegemea aina. Xbox 360 ilikuwa sokoni mwaka mzima, kwa dola 299 na 399. Ndani ya boksi la Wii, isipokuwa Japani na Korea Kusini, mlikuwa na gemu ya Wii Sports bila malipo ya ziada.

Nataka nikae kidogo kwenye tenisi ya Wii Sports, kwa sababu inafundisha kuliko maelezo yoyote ya kiufundi. Mchezaji wako kwenye skrini anakimbia mwenyewe. Humwongozi aende kushoto wala kulia. Kazi yako ni moja, kuzungusha mkono, na kinachoamua mpira uende upande gani ni kama umewahi au umechelewa. Kumbuka akselerometa haijui mkono wako uko wapi hasa. Inajua tu kwamba umetikisika, kwa nguvu kiasi gani na saa ngapi. Wabunifu wakaunda mchezo unaouliza maswali hayohayo tu ambayo kihisio kinaweza kuyajibu. Baada ya siku chache watu waligundua kwamba unaweza kukaa kwenye kochi na kupiga kwa kutikisa kiganja, na hilo halikuharibu starehe ya mtu yeyote, maana waliosimama na kurusha mikono walikuwa wameamua wenyewe kuifurahia hivyo. Walirusha kwa nguvu kiasi kwamba padi zikawaponyoka na kugonga televisheni, na mwezi Desemba 2006 Nintendo ikajitolea kubadilisha kamba za mkononi zipatazo milioni 3.2 kwa zilizo nene zaidi.

Hapa pana uzushi mwingine wa kuondoa. Kile kibao chembamba kinachowekwa juu au chini ya televisheni, ambacho watu wengi wanaamini ndicho kinachosoma mwendo, hakisomi kitu. Kina vitaa vya miali ya infraredi, isiyoonekana kwa jicho, kwenye ncha zake mbili, basi. Waya wake unaoingia kwenye mashine unabeba umeme wa kuwasha vitaa hivyo. Kamera iko kwenye pua ya padi yenyewe. Inaona nukta mbili za mwanga na kukadiria padi imeelekezwa wapi kwenye skrini. Ndiyo maana mishumaa miwili iliyowekwa mbalimbali inaweza kufanya kazi ya kibao hicho. Jairoskopu haikuwamo kabisa kwenye Wii ya mwanzo. Ilikuja Juni 2009 kama kipande cha kuchomeka nyuma ya padi, Wii MotionPlus.

Kwa hiyo kihisio kilikuwa dhaifu, na ndani ya mashine mlikuwa na kichakataji cha ukoo uleule wa GameCube, picha zisizofikia ukali wa HD. Wii ikauza milioni 101.63. PlayStation 3 iliishia milioni 87.4, na Xbox 360 ikapita milioni 84. Tena kwa fedha tofauti pia: Nintendo ilipata faida hata kwenye mashine yenyewe, wakati kitengo cha gemu cha Sony kilipata hasara ya yeni bilioni 232 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2007, kwa kuwa kila PlayStation 3 iligharimu zaidi kuitengeneza kuliko ilivyouzwa. Kila anayesema Wii ilishinda kwa kutikisa mikono anasahau upande huu. Kihisio cha bei ndogo ndicho kilichomruhusu Nintendo kutotumia kichakataji cha bei kubwa. Mwendo na bei vilikuwa uamuzi mmoja.

Sony na haraka ya Mei 2006

Miezi minane baada ya Nintendo kuonyesha padi yake, Sony walipanda jukwaani Los Angeles na kutangaza kwamba padi ya PlayStation 3 nayo itasoma mwendo. Waliiita Sixaxis. Wengi wanasema walinakili kwa wiki chache, na mimi nadhani hilo linawaonea kidogo, kwa kuwa walikuwa na EyeToy miaka mitatu kabla. Ila haraka ilionekana. Padi hiyo ilikuwa imeondolewa mtetemo, ule mngurumo mkononi uliokuwa kwenye padi za PlayStation kwa miaka mingi. Sony walisema mtetemo utavuruga kihisio.

Maelezo hayo hayakusimama. Padi ya Wii ilitetema na kusoma mwendo kwa wakati mmoja. Lililojulikana na kila anayefuatilia ni kwamba Sony walikuwa mahakamani na kampuni ya Immersion kuhusu hataza za teknolojia ya mtetemo, na baraza la mahakama la Marekani lilikuwa limeshaamua dhidi yao mwaka 2004. Walimalizana Machi 2007. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikatoka DualShock 3 yenye vyote viwili.

Gemu iliyobeba bendera ya Sixaxis ilikuwa Lair ya mwaka 2007, ya kuruka na joka. Mchezaji alilazimishwa kuliongoza joka kwa kuinamisha padi, hakupewa njia nyingine. Wakosoaji waliikataa, na mwaka uliofuata likatolewa rekebisho la kuruhusu vijiti. Kihisio kilikuwa ndani ya kila boksi, ila hakuna aliyefikiria kabla ni gemu gani inayokihitaji. Sony walimpa kila mnunuzi kitu ambacho gemu zao hazikuwa zimeundwa kwa ajili yake.

Kinect: kihisio kikali kuliko vyote

Ifikapo 2009 mauzo ya Wii yalikuwa ya kutisha. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 Nintendo iliuza mashine milioni 25.95. Wapinzani hawakuweza kukaa kimya. Sony walileta PlayStation Move, Septemba 2010: fimbo yenye tufe linalowaka kichwani, akselerometa, jairoskopu na kihisio cha sumaku ya dunia ndani yake, na kamera mbele ya televisheni inayolifuata tufe. Kwa usahihi iliipita padi ya Wii kwa mbali. Ilitumika baadaye kwenye miwani ya PlayStation VR ya mwaka 2016, na huko ndiko ilikopata kazi iliyoifaa.

Microsoft walikwenda mbali zaidi wakaondoa padi kabisa. Kinect, iliyotoka Marekani tarehe 4 Novemba 2010 kwa dola 150 kasoro senti, ilikuwa ubunifu mkubwa, na nasema hivyo bila kusita. Ilimwagia chumba maelfu ya nukta za infraredi zisizoonekana kwa jicho. Kamera yake ilitazama jinsi nukta hizo zilivyojikunja zilipoangukia watu na viti, na kutokana na hapo ikajua kila kitu kiko umbali gani. Kisha programu iliyofunzwa na watafiti wa Microsoft kwa picha nyingi za miili ya watu ikatafuta viungo 20 vya mwili, kuanzia kichwa hadi vifundo vya miguu, mara 30 kila sekunde. Teknolojia ya nukta ilitoka kwa kampuni ya Israeli, PrimeSense, ambayo Apple waliinunua mwaka 2013. Ndani ya siku 60 Kinect iliuza milioni 8.

Kwa hiyo anayesema Kinect ilikufa kwa sababu ilikuwa mbovu hasemi kweli. Ilikuwa na mambo matatu yaliyoibana.

La kwanza ni nafasi. Mchezaji mmoja alitakiwa kusimama karibu mita 1.8 kutoka kwenye kihisio, wawili mita 2.4, na katikati pasiwe na meza wala kochi. Vyumba vya Tokyo haviruhusu hilo, na Japani Kinect haikushika. Vyumba vyetu navyo ni vivyo hivyo. Ukiingia banda la gemu mtaani, Dar es Salaam au Mombasa, unakuta mabenchi yamesogezana, televisheni kadhaa ukutani, vijana wawili wawili bega kwa bega na padi za PlayStation wakicheza mpira. Mwenye banda anahesabu watu kwa kila futi ya sakafu. Mashine inayotaka mita mbili tupu mbele ya kila televisheni haina pa kuingia humo, hata ingekuwa bora namna gani.

La pili ni vitufe. Bila padi huwezi kumwambia mchezaji wako atembee kwenda kokote unakotaka, maana wewe mwenyewe umesimama chumbani. Gemu za kudansi na mazoezi zilipendeza. Gemu za mpira, vita na safari ndefu, ambazo ndizo zilizokuwa zikinunuliwa zaidi kwenye Xbox, hazikuwa na cha kufanya na Kinect.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Mwezi Februari 2013 Microsoft walisema wameuza Xbox 360 milioni 76 na Kinect milioni 24. Jiweke kwenye kiti cha mwenye studio ya gemu. Ukitengeneza gemu inayohitaji Kinect, umewaacha nje takribani wateja wawili kati ya watatu kabla hujaandika mstari wa kwanza. Ukitengeneza gemu ya padi, unawafikia wote. Studio nyingi zikachagua lililo wazi, gemu nzuri za Kinect zikawa chache, na walio nazo wakaiacha ikusanye vumbi. Move iliuawa na hesabu ileile. Mwenye Wii hakuwa na tatizo hilo, maana kila mwenye Wii alikuwa na kihisio mkononi.

Microsoft wakaitia ndani ya boksi

Walipokuwa wakiandaa Xbox One, Microsoft walikuwa wamelielewa somo hilo, nusu yake. Wakaamua kila Xbox One iuzwe pamoja na Kinect mpya, ili studio ziwe na hakika kwamba kila mteja anayo. Walipoitangaza Mei 2013 walisema mashine haitafanya kazi bila Kinect kuunganishwa. Wiki chache baadaye magazeti yakaanza kuchapisha nyaraka za siri zilizovujishwa na Edward Snowden kuhusu upelelezi wa serikali ya Marekani, na jina la Microsoft lilikuwamo. Kamera na kipaza sauti cha lazima sebuleni kikawa kitu cha kutisha. Agosti wakarudi nyuma na kusema inaweza kuchomolewa.

Bei haikurudi nyuma. Tarehe 10 Juni 2013, siku moja, kampuni zote mbili zilitangaza: Xbox One dola 499, PlayStation 4 dola 399. Sony waliuza kamera yao kando kwa anayeitaka. Kwa mnunuzi anayecheza mpira na gemu za risasi, hizo dola 100 zilikuwa malipo ya kitu ambacho hakukiomba. Na ndani ya mashine, sehemu ya nguvu ya kuchora picha ilikuwa imetengewa Kinect, na gemu zilezile mara nyingi zilionekana kali zaidi kwa mpinzani wa bei ndogo.

Juni 2014 Microsoft wakauza Xbox One bila Kinect kwa dola 399, na wakawarudishia watengenezaji wa gemu nguvu iliyokuwa imetengwa. Miezi saba ilikuwa imepita, na katika soko hili miezi ya mwanzo huamua mengi: kijana hununua mashine waliyonayo rafiki zake ili wacheze pamoja. PlayStation 4 ikaja kupita milioni 117. Xbox One haikuwahi kuikaribia. Utengenezaji wa Kinect ulisimamishwa mwaka 2017.

Linganisha sasa na Wii. Pale, kihisio cha ndani ya boksi kiliishusha bei ya mashine kwa sababu Nintendo waliacha mbio za nguvu. Hapa, kihisio cha ndani ya boksi kiliipandisha bei, na mbio za nguvu Microsoft walikuwa bado wanazikimbia.

Kama unanunua mashine ya mtumba, mambo haya yana maana mfukoni mwako leo. Xbox 360 za mwanzo zinahitaji adapta ya umeme ya ziada ili Kinect iwake. Zile nyembamba zilizofuata zina tundu lake maalumu. Xbox One S na One X hazina tundu la Kinect, na adapta yake iliacha kutengenezwa mwaka 2018. Xbox Series X na S haziitambui kabisa. Na Wii ikiuzwa bila kile kibao cha vitaa, si mbovu. Usikubali kuambiwa kimekufa kihisio.

Je, Wii ilikuwa fasheni?

Kwa sehemu, ndiyo. Kutoka kilele cha milioni 25.95 kwa mwaka, mauzo yalishuka hadi milioni 9.84 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012. Wanunuzi wengi waliovutwa na Wii Sports waliridhika na gemu hiyo na moja mbili zaidi. Studio za nje zilizokuwa zikitengeneza gemu za HD kwa Xbox 360 na PlayStation 3 hazikuweza kuzihamishia Wii bila kuziandika upya. Na simu zikaja: iPhone ya 2007 ilikuwa na akselerometa, iPhone 4 ya 2010 ikaongeza jairoskopu, na yule mtu aliyekuwa haogopi tena gemu akazipata mfukoni mwake, nyingine bure. Wii U iliyofuata mwaka 2012 ikauza milioni 13.56 tu, na wateja wengi walidhani ni kifaa cha ziada cha Wii ya zamani.

Lakini vihisio havikuondoka. Vilihama kutoka kwenye tangazo vikaingia kwenye kazi ya kila siku. Kwenye Splatoon, gemu ya shabaha ya Nintendo ya mwaka 2015, mchezaji anatumia kijiti kugeuka haraka, kisha anainamisha padi kidogo kwa viganja kumalizia shabaha. Kidole gumba kina nguvu ila hakina utulivu wa hatua ndogondogo, kiganja kinao. Jairoskopu haiulizwi mkono uko wapi chumbani, inaulizwa umegeuka kiasi gani katika nusu sekunde iliyopita, na swali hilo inalijibu vizuri mno, kwa sababu kosa halijapata muda wa kurundikana. Mchezaji amekaa kwenye kochi, hakuna anayerusha mikono, na mtazamaji hatajua kwamba mwendo unatumika.

Switch ya 2017 iliweka hivyo vyote ndani ya boksi, na karibu kila gemu ikamwachia mchezaji achague kuvitumia au kuvizima. Imepita milioni 150. Anayetaka kutokwa jasho ana Ring Fit Adventure ya 2019, ambapo Joy-Con moja inachomekwa kwenye pete ya kubana na nyingine inafungwa pajani. Padi ya PlayStation 5 ina akselerometa na jairoskopu pia.

Iliyobaki nje ni Xbox. Padi ya kawaida ya Xbox Series haina jairoskopu, na wachezaji wa gemu za shabaha wameilalamikia miaka mingi. Nyaraka za Microsoft zilizovuja Septemba 2023 kutokana na kesi yao na tume ya biashara ya Marekani zilionyesha mpango wa padi mpya yenye kihisio cha mwendo. Kwa padi zilizomo majumbani sasa hivi hilo halibadilishi kitu: studio inayotoa gemu moja kwa Switch, PlayStation na Xbox inalazimika kuiunda ichezeke hadi mwisho kwa vijiti na vitufe peke yake, kisha iweke shabaha ya mwendo kama nyongeza kwa wale ambao boksi lao lilikuja nayo.